Rangi Haiponyi Ufa

Bila shaka wengi wenu mmekwisha kupaka rangi mlango, kitanda cha chuma au baiskeli. Kazi yake mwaijua: mtu anunua kopo, anakoroga, anachovya brashi, anapaka, halafu angoja ikauke. Leo twataka kuwasimulia rangi ya namna nyingine. Rangi hii haina maji wala mafuta. Ni unga mkavu, laini kama unga wa muhogo uliochungwa mara mbili. Haupakwi kwa brashi, wala haukauki juani. Hupulizwa juu ya chuma, kisha chuma huokwa katika tanuru kama mkate. Tuliifanya kazi hiyo nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza, nayo ilitufundisha jambo ambalo hatukulitafuta.

Sisi ni ndugu wawili, wazaliwa wa Bukavu. Sasa ni miaka mingi twakaa Ubelgiji, karibu na mji wa Liège, pamoja na mama yetu mzee. Marehemu baba yetu alikuwa dereva. Zamani, kule Bukavu, aliendesha Volkswagen ile yenye mgongo kama kobe, ambayo wasemao Kifaransa huiita Coccinelle. Basi mwaka 2024 tulipata moja ya mwaka 1965, kuukuu sana, imelala bandani kwa mkulima mmoja. Ilikuwa imeungwa hapa hapa Ubelgiji, katika kiwanda cha Forest, mjini Bruxelles, ambako Volkswagen za namna ile zilianza kuungwa mwaka 1954. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 2025, lakini motokari zake zingali zikitembea.

Tuliinunua kwa ajili ya mama. Dada yetu wa mwisho alikuwa na arusi mwezi wa nane mwaka 2025, nasi tulimwahidi mama kwamba siku ile atapanda motokari kama ile ya mume wake. Mama alicheka, lakini tuliona kwamba ameyaweka maneno yale moyoni.

Mashine ya motokari haikututisha sana. Kutu ndiyo ilitushinda. Vyuma vya kushika bampa, ngoma za breki, vyuma vya magurudumu (mafundi wa kwetu huviita janti), vyote vilikuwa vyekundu kwa kutu, na rangi ya zamani ilikuwa ikibanduka kama maganda ya kitunguu. Rafiki mmoja akatuambia: « Ndugu zangu, msipake rangi ya kopo. Pakeni rangi ya unga. Hiyo haibanduki upesi, hata mawe ya barabarani yaigonge. »

Tukaanza kuuliza na kusoma. Tuliona kwamba kazi hii si ya zamani sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Mjerumani mmoja jina lake Erwin Gemmer alitafuta njia ya kufunika chuma kwa unga. Alipuliza hewa chini ya chombo chenye unga, hata unga ukaanza kuchezacheza kama maji yachemkayo. Kisha alichovya humo chuma kilichokwisha kupashwa moto, na unga ukayeyuka na kushikamana nacho. Halafu, katika miaka ya 1960, ikaja njia ya kupuliza kwa umeme, nayo ndiyo inayotumika sana hata leo.

Njia ya umeme si vigumu kuielewa. Mtoto akisugua kitana katika nywele zake kavu, kitana chaweza kuvuta vipande vya karatasi. Sivyo? Basi, bunduki ya kupulizia huutia unga umeme wa namna ile, na chuma kinachopakwa hufungwa waya unaokwenda ardhini. Unga ukitoka katika bunduki hukimbilia chuma na kukikumbatia pande zote, hata nyuma kidogo. Bunduki yetu ndogo ya nyumbani ilifanya kazi kwa volti 15,000 au 25,000. Zile za viwandani hufika volti 100,000. Umeme wenyewe ni mwembamba sana, hauna nguvu ya kuendesha kitu, lakini si wa kuchezewa. Mjomba wetu ana chombo kidogo kifuani cha kuuongoza moyo wake. Tulimkataza kabisa asikaribie bandani, kwa sababu umeme wa bunduki waweza kukivuruga chombo kile.

Sasa, habari ya tanuru. Sisi, kwa ujinga wetu, tulitaka kutumia tanuru ya jikoni kwa mama. Tulifikiri: joto ni joto. Mama akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema: « Wanangu, mwataka kuoka rangi mahali ninapookea samaki? Siku ile mtakula wenyewe. » Naye alisema kweli. Unga ule ukiiva hutoa moshi na harufu, na mabaki yake hushika ndani ya tanuru. Tanuru iliyokwisha kuoka rangi haifai tena kwa chakula, hata ikisafishwa namna gani. Tukaenda kwa mwoka mikate mmoja aliyekuwa akiondoa tanuru yake kuukuu ya umeme, tukainunua, tukaiweka mwisho wa banda, mbali na mahali pa kupulizia. Kuiweka mbali si jambo dogo: vumbi la unga likijaa hewani na likutane na moto au cheche, laweza kulipuka. Kwa hiyo bandani hapakuwa na sigara, wala jiko, wala taa ya moto. Tena tulivaa vinyago vya kufunika pua na mdomo.

Kila kitu kilikuwa tayari. Tulidhani kazi itakuwa ya siku mbili.

Kumbe, kupuliza ni kazi ya dakika tano, na kusafisha ni kazi ya siku tano. Chuma kinapaswa kuwa kitupu kabisa: bila kutu, bila rangi ya zamani, bila mafuta. Tulikirushia chembe ngumu kwa nguvu za hewa ya kompresa. Hatukutumia mchanga wa mtoni, kwa maana vumbi lake huharibu mapafu, na ugonjwa ule wachimba madini wengi waujua. Halafu tulikifuta kwa kitambaa chenye asetoni, na tangu hapo hatukukigusa tena kwa mikono mitupu. Hata jasho la kidole huacha alama. Mahali pasipotakiwa rangi, kama matundu ya bolti, tulipaziba kwa vizibo visivyoogopa moto.

Tulianza na chuma kidogo cha kushika bampa. Tukakitundika kwa waya, tukapuliza, unga ukashika vizuri mno. Mmoja wetu akakaribia ili atazame, na mara akapiga chafya. Nusu ya unga ikaanguka! Tulicheka hata machozi. Lakini hasara haikuwapo. Unga usiookwa bado waondoka kwa pumzi tu. Ulipokosea, wapuliza hewa, wafuta, waanza upya. Lakini baada ya moto mambo ni mengine. Lishikeni neno hilo, tutalirudia.

Karatasi ya unga wetu ilisema: digri 200, dakika 10. Tukatia chuma tanuruni, tukafunga mlango, tukahesabu dakika 10, tukatoa. Kikang'aa kama yai. Kesho yake tulikisugua kwa kitambaa chenye asetoni kidogo ili tukipime, na kitambaa chote kikageuka rangi. Haikuiva! Ndipo tulipofahamu kwamba dakika 10 huhesabiwa tangu chuma chenyewe kifike digri 200, si tangu mlango ufungwe. Hewa ya tanuru hupata moto upesi, lakini chuma kinene hukawia. Tangu siku ile tulitumia kipimo cha joto kinachotazama chuma chenyewe.

Halafu ngoma ya breki, ile chuma nzito inayozunguka pamoja na gurudumu. Tuliziba upande wake wa ndani ambao breki husugua, kwani pale rangi ni hatari. Upande wa nje tukaupaka. Ilipotoka tanuruni, ilikuwa imejaa vipele kama ngozi ya mtoto mwenye surua. Tuliona haya. Baadaye tuliambiwa sababu: chuma kilichomiminwa katika kalibu kina matundu madogo sana, na ndani yake hukaa hewa na mafuta ya miaka mingi. Moto ukivitoa, hupita katika rangi iliyoyeyuka na kuacha vipele. Dawa yake ni kukioka chuma kitupu kwanza, kwa joto lililopita kidogo lile la rangi, kitoe yote yaliyomo, halafu kukisafisha tena, ndipo upake. Tukafanya hivyo kwa ngoma ya pili, na ilitoka laini.

Mwaona jinsi ilivyokuwa: kila mara kosa letu lilikuwa chini ya rangi. Unga haukuwa na kosa. Lakini kosa kubwa lilikuwa bado linakuja.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa saba. Arusi ilikuwa imekaribia, bado majuma matatu. Tulichukua janti ya kwanza kati ya zile nne. Janti za mwaka ule zina matundu matano ya bolti. Tuliposafisha, mmoja wetu aliona kando ya tundu moja mstari mwembamba, mfupi kama punje ya mpunga. Akamwita mwenzake. Tukautazama kwa taa. Mmoja akauliza: « Hii ni nini? » Mwingine akajibu: « Ni mkwaruzo tu. Labda bisibisi. » Tukanyamaza kidogo. Twataka kuwaambia kweli: sisi wote wawili tulijua kwamba yafaa kutazama zaidi. Lakini siku zilikuwa chache, na janti ilikuwa imekwisha kuwa safi, na bunduki ilikuwa tayari. Tukapuliza.

Nayo ikatoka nzuri kupita vyote. Ile ndiyo kazi yetu ya kwanza isiyo na kosa hata moja machoni. Rangi ilikuwa kama maziwa, bila kipele, bila tone, na pembe zote zimefunikwa. Ule mstari haukuonekana tena. Tulimwita mama. Akaja na fimbo yake, akaigusa kwa kiganja, akaizungusha polepole, akasema: « Baba yenu angefurahi. » Halafu akarudi nyumbani.

Usiku ule hatukulala vema. Kila mmoja wetu alidhani ni yeye peke yake. Karibu na alfajiri tulikutana jikoni, na hapakuwa na haja ya kuulizana. Maneno ya mama ndiyo yaliyotuamsha. Kweli, baba angefurahi? Baba, kabla ya safari yoyote, alizunguka motokari na nyundo yake ndogo. Aligonga kila gurudumu, akasikiliza, akatia kidole katika kila bolti. Sisi tulikuwa watoto, tulimwona kuwa mtu wa kukawiakawia. Alikuwa akitujibu: « Barabara ya milima haimwonei haya mtu mwenye haraka. » Baba hakuwa na rangi ya unga. Motokari yake ilikuwa na mavumbi na mikwaruzo, lakini hakuna kitu ndani yake alichokificha.

Asubuhi tukaichukua ile janti nzuri, tukaigonga kwa nyundo kama baba. Sauti yake ilifanana na za wenzake. Masikio hayakutuambia kitu. Macho nayo hayangeweza, maana tumeyafunga sisi wenyewe kwa rangi. Basi haikubaki njia nyingine ila kuivua.

Hapo ndipo tulipofahamu kwa nini watu huisifu rangi ile. Kuivaa kwake ni dakika chache, lakini kuivua! Kemikali iliilegeza polepole, brashi ya waya ilichakaa, mikono ikaingia ganzi. Tulifanya kazi jioni mbili. Ule unga ambao kabla ya moto uliondoka kwa chafya, sasa haukutaka kuondoka hata kwa chuma.

Ilipokuwa tupu tena, tuliipeleka kwa fundi mmoja mzee wa mtaani. Alikuwa na dawa tatu katika makopo. Kwanza alisafisha. Halafu alipaka dawa nyekundu, nyembamba kama maji, akangoja robo saa ili iingie kila mahali. Akaifuta yote, hata chuma kikawa cheupe tena. Mwisho akapuliza dawa nyeupe kama chokaa. Tukasimama tukitazama. Mara, juu ya weupe ule, ukaanza kutokea mstari mwekundu, kama uzi wa damu. Haukuwa wa punje ya mpunga. Ulikuwa mrefu kama pingili mbili za kidole, umetoka katika tundu moja na kuelekea tundu la pili.

Yule mzee hakutukemea. Aliuliza tu: « Nani angalipanda motokari hii? » Tukajibu: « Mama yetu. » Akatikisa kichwa, akatupa msumeno.

Tuliikata janti ile vipande viwili pale pale, asije mtu mwingine akaiokota na kuipaka rangi kama sisi. Halafu tukawapima wenzake watatu kwa dawa ile ile. Wote walikuwa wazima. Tukatafuta ya nne, na ilipopatikana tuliipima kwanza, ndipo tukaipaka.

Lakini siku zilikwisha. Arusi ilifika na motokari yetu ilikuwa ingali juu ya magogo, bila magurudumu. Mama alikwenda kanisani katika motokari ya jirani. Tuliona haya kumwambia sababu, lakini tulimwambia yote, hata habari ya ule mstari ambao tuliuona na tukajifanya hatukuuona. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema: « Wanangu, afadhali nimefika katika motokari ya jirani kuliko kutofika katika yenu. » Hakusema neno jingine, wala hakulirudia.

Mwezi wa kumi motokari ilikubaliwa na wakaguzi wa serikali. Jumapili moja tulimpandisha mama mbele. Kabla ya kuondoka tulizunguka magurudumu manne na nyundo ndogo. Twajua sasa kwamba nyundo haisikii kila kitu. Lakini yamlazimu mtu kuinama mbele ya kila gurudumu na kulitazama, na labda hiyo ndiyo faida yake iliyo kubwa. Mama alitungoja bila kusema upesi. Alikuwa amezoea kungojea hivyo tangu ujana wake.

Ndugu wasomaji, mtu akitaka kujaribu kazi hii, na apate tanuru isiyo ya chakula, banda lenye hewa lisilo na moto, kinyago cha kufunika pua na mdomo, na waya mzuri wa ardhi. Asizioke mara nyingi janti za alumini, maana joto kama lile likirudiwa laweza kupunguza nguvu zake. Asipake mahali breki inaposugua. Ahesabu dakika tangu chuma kipate moto. Hayo yote yameandikwa katika karatasi za unga, na kila mwenye subira aweza kuyafuata.

Lakini liko jambo lisiloandikwa katika karatasi ile. Unga wa rangi ukiwa umepakwa vizuri una unene wa mikroni 60 hadi 80 tu, na mikroni 1000 ni milimeta moja. Ni kitu chembamba kuliko ukucha. Hata hivyo chatosha kuficha ufa usionekane na mtu yeyote, isipokuwa yule aliyeuona kabla. Wazee wetu walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nasi twaongeza kidogo: ukiupaka ufa rangi, hutajua hata ni lini ukuta utaanguka. Basi ukiona mstari mwembamba mahali fulani, katika chuma chako au katika kazi nyingine uliyopewa, simama wakati unga ungali unga. Wakati ule pumzi moja tu yatosha kuuondoa.